Kizimba Kinatumalizia Ugomvi

Malimi Luhaga,
Katibu, Kamati ya Usuluhishi,
Mtaa wa Mwambani, Pasiansi,
Mwanza.

Ndugu Afisa Michezo,

YAH: OMBI LA KUIZUIA KAMPUNI YA ZIWA MAPAMBANO ISIENDELEE KUKUA

Kichwa cha barua kimejieleza chenyewe. Lakini kwa kuwa nimesikia umehamia hapa juzi tu ukitokea Singida, na hujatujua vizuri, naomba na mimi nijieleze.

Ninaandika nikiwa na akili timamu, nimeshakunywa chai, na sina chuki na mtu yeyote. Nina miaka sitini na saba. Nilikuwa mpima pamba kwenye ginari, yaani kiwanda cha kuchambua pamba, kwa miaka thelathini na moja, na tangu nilipostaafu ni katibu wa Kamati ya Usuluhishi ya mtaa wetu. Kazi ya kamati ni kupatanisha: majirani, wanandoa, wakwe, wenye mbuzi na wenye bustani. Tunakaa kila Alhamisi saa nne asubuhi kwenye baraza ya ofisi ya mtaa. Mwenyekiti wetu ni Mzee Alexander Lwakatare, mtu wa Bukoba, mstaafu wa chama cha kahawa, ambaye husoma Kiswahili kama anasoma Injili.

Kampuni ninayoilalamikia inaandaa mapigano mseto, yale ambayo vijana wanayaita MMA, ambamo mtu anaruhusiwa ngumi, teke, mtama na roba ya shingo, vyote katika pambano moja. Mwenye kampuni ni Bi. Hellen Masele. Zamani alikuwa karani kwenye ofisi ya mizigo na golikipa wa netiboli. Miaka minne iliyopita alianza na magodoro manne uani kwake, jirani kabisa na Mzee Alexander. Watu walikuwa wakidondoka kwenye magodoro yale kuanzia mchana, puh, puh, na Mzee Alexander hasikii taarifa ya habari. Akaleta shauri kwenye kamati, akajiondoa uenyekiti kwa siku hiyo ili haki itendeke, na tukamwita Bi. Hellen.

Alikuja kwa wakati. Alitupa shikamoo mmoja mmoja. Tulikuwa tumejiandaa kwa mabishano ya saa mbili, lakini kabla sijamaliza kusoma lalamiko akasema, "Wazee wangu, nimekosa. Nitahama." Akahama kweli, akaenda kwenye ghala la zamani la nyavu, karibu na maji. Nikaandika kwenye muhtasari: suala limekwisha kwa amani.

Ndugu Afisa, ghala lile linaingiza watu mara ishirini ya uani kwake. Yaani sisi wenyewe, kwa mikono yetu na kwa muhuri wetu, ndio tuliomkuza.

Baada ya hapo akatengenezewa kizimba na fundi wa mageti. Fundi yule hajui kutengeneza kitu kingine zaidi ya geti, kwa hiyo kizimba kina komeo, kina tundu la kuchungulia mgeni, na mlangoni kina kibao cha MBWA MKALI. Bi. Hellen alikiacha kibao na watu wakakipenda. Leo wapiganaji wanamjia kutoka Bukoba, Musoma na Geita. Amejaza ukumbi Nyamagana mara mbili. Bodaboda karibu zote za hapa zimebandikwa picha za wapiganaji wake. Na sasa anavuka maji kwenda Kamanga. Hapo ndipo nilipoona nichukue kalamu.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Kampuni imetupokonya ugomvi.

Mwaka juzi kamati ilipokea mashauri sitini na matatu. Mwaka huu, tangu Januari hadi leo, tumepokea manne. Katika la kwanza mlalamikaji hakutokea. La pili alikuwa mtu aliyepotea, anatafuta ofisi ya maji. La tatu lilihusu kuku, na kuku akarudi mwenyewe. La nne nitalieleza kwenye namba yake.

Nilifanya uchunguzi kujua ugomvi unakwenda wapi. Unakwenda ghalani Jumamosi alasiri. Kuna familia mbili hapa mtaani zilizokuwa zinagombania ukuta tangu ukuta huo ukiwa bado matofali. Jumamosi moja wakajikuta kwenye benchi moja, wote wanamshangilia kijana wa mtaa wetu, Elias. Wamepiga kelele pamoja mpaka sauti zimekauka. Wakati wa kurudi nyumbani wakakubaliana ukuta ubaki ulipo. Basi. Hakuna shahidi, hakuna muhtasari, hakuna muhuri. Ukuta ule ulikuwa na faili la kurasa arobaini. Mimi faili hilo nilipeleke wapi?

2. Wapiganaji wanapeana mikono, jambo linalotudhalilisha.

Nilikwenda kujionea, nimevaa kofia nisitambulike. Elias, ambaye kazi yake ni kukata minofu ya sangara kiwandani, alipambana na Muganyizi wa Bukoba. Walipigana kwa hasira ambayo sijaiona mtaani kwetu tangu kesi ya kisima. Mwishowe Muganyizi akamtia roba, Elias akagonga sakafu mara tatu kuonyesha ameshindwa, na mwenzake akamwachia papo hapo. Nikasubiri matusi. Nilikuwa hata nimetoa kalamu.

Muganyizi akamshika mkono, akamwinua, akamuuliza, "Umeumia, kaka?"

Elias akasema, "Kidogo tu. Sikio lako vipi?"

Wakakumbatiana, wakatoka pamoja kwenda kunywa soda. Ndugu Afisa, ndani ya kamati yangu, katika miaka yote niliyokuwa katibu, watu waliopeana mikono kwa hiari yao ni wawili, na mmoja wao alikuwa ananiaga mimi. Wengine wote tuliwashikisha. Wananchi sasa wanalinganisha. Wanauliza, inakuwaje waliopigana wanapatana na waliopatanishwa hawasalimiani?

3. Kugonga kumeingia majumbani.

Mke wangu, Mama Gladness, ni mwanamke mstahimilivu. Nimeishi naye miaka arobaini nikimweleza mambo na yeye akinisikiliza. Mwezi uliopita nilikuwa namfafanulia kwa nini maharage hayapaswi kutiwa chumvi kabla hayajaiva. Nilikuwa nimefika kwenye sababu ya tano. Akagonga meza mara tatu, akainuka, akaenda zake jikoni.

Nikamfuata. Nikamwambia, "Mama, sijamaliza."

Akasema, "Nimegonga. Sheria inasema mtu akigonga unamwachia."

Nimeitafuta sheria hiyo katika nyaraka zote za kamati sikuiona. Iko kwenye karatasi za Bi. Hellen tu. Ninauliza kwa heshima: ni nani aliyeipa kampuni ya mapigano mamlaka ya kutunga sheria zinazotumika nyumbani kwangu?

4. Uzito.

Hili ndilo shauri la nne nililolitaja. Josephat, fundi wa friji, alikuwa amegombana na mama mkwe wake kuhusu redio. Nilifurahi sana siku hiyo, nikafika ofisini saa mbili na nusu na kufuta viti. Josephat alipoitwa akasimama na kusema hawezi kuendelea, kwa sababu pambano si halali. "Katibu, mwangalie mama na niangalie mimi. Mama ni uzito wa juu. Mimi ni uzito wa unyoya. Nani amepanga hivi?"

Mama mkwe hakukasirika, ndiyo ajabu yake. Alisema kijana ana hoja. Wakaomba shauri liendeshwe kwa raundi za dakika tano, na katikati mapumziko ya dakika moja. Wakati wa mapumziko dada yake Josephat alikuwa akimpepea kwa taulo na kumnywesha maji, na Mzee Alexander, mwenyekiti mzima, akaniuliza kama ofisi ina kengele. Raundi ya pili mama mkwe akacheka kwanza, akafuatia Josephat, na redio wakaamua itakaa sebuleni.

Nimeandika kwenye muhtasari kwamba shauri limeisha kwa kicheko. Sikujua niweke wapi muhuri.

5. Kampuni imeuvunja ugomvi wangu binafsi.

Haya yote ningeyavumilia. Hili la tano ndilo lililoninyima usingizi, na nitalieleza kirefu ili usije ukasema nimekurupuka.

Nina kaka, anaitwa Nkwabi. Ana miaka sabini na moja na anaishi ng'ambo, Kamanga. Mimi naye hatukuwa tukizungumza kwa miaka tisa. Ulikuwa ugomvi mzuri, wa kimyakimya, usio na matusi wala kashfa, na ninaweza kusema nilikuwa nautunza. Ulianza siku tuliyomzika mama. Mtoto mkubwa ndiye huwashukuru waombolezaji kwa niaba ya familia. Nkwabi akashika kipaza sauti, na mimi nikakichukua mkononi mwake, nikashukuru mimi badala yake. Tangu siku hiyo akawa hanijui. Na mimi, kwa kuwa ni mdogo, nikamfuata katika kutokumjua. Watu waliniuliza, wewe msuluhishi mbona hujasuluhishwa? Niliwajibu kwamba daktari hajitibu.

Mwanzoni mwa mwezi uliopita Bi. Hellen akaja nyumbani, saa tano asubuhi.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Umekuja kuomba radhi kwa ajili ya kampuni?"

"Hapana, baba. Nimekuja kukualika."

Akaeleza kwamba siku ya sikukuu atafanya onyesho Kamanga, na kabla ya vijana kupigana anataka wazee wawili waingie kizimbani. Hakutakuwa na ngumi wala teke. Ni kushikana tu na kusukumana, ile mieleka tuliyokuwa tunacheza machungani, dakika tatu basi. Nikamwuliza mwenzangu ni nani.

"Kaka yako. Ameshakubali."

Nikamwambia sina kaka Kamanga.

"Alisema utajibu hivyo," akasema Bi. Hellen. "Akaniambia nikwambie, kama unaogopa maji atakuletea boya."

Ndugu Afisa, mimi nimevuka ziwa hili tangu nikiwa mgongoni kwa mama. Nikamwomba fomu. Kisha nikamwita mke wangu nimwambie kwamba sina nguo ya kuvaa, akanionyesha kwenye kamba ya nguo. Ilikuwapo kaptula ya bluu, mpya, imeshafuliwa na inakauka. Kumbe alijua tangu wiki iliyotangulia.

Siku ikafika. Tukavuka. Wakatupima presha, daktari akatutazama kwa mashaka, halafu wakatupima uzito. Hapo nikasimama kwenye kivuli kimoja na Nkwabi, hatua moja kati yetu. Akasema, "Mwangaluka." Hiyo ni salamu yetu Wasukuma, ya asubuhi, na wakati huo ilikuwa saa tisa alasiri. Nikajua na yeye moyo unamwenda mbio. Nikaitikia vivyo hivyo, mwangaluka, ili asione aibu.

Mizani yao ilikuwa inapunja kiasi. Niliirekebisha kwa sababu sikuweza kuvumilia kuitazama, wala si kwa nia ya kuisaidia kampuni. Nkwabi akapanda, ikasoma kilo hamsini na nane. Kaka yangu alikuwa mtu wa kilo sabini na kitu, mwenye mabega. Nilipima pamba miaka thelathini na moja na sijawahi kuchukia namba kama nilivyoichukia ile.

Tukaingia kizimbani. Watu walikuwa wengi, mpaka juu ya mawe. Kengele ikalia, tukashikana mabegani. Nikasukuma, naye akasukuma. Baada ya nusu dakika hivi akaniinamia sikioni.

"Malimi. Mgongo umekamata. Usiniachie, nikianguka siinuki."

Nikamwambia, "Na mimi goti. Na wewe usiniachie."

Basi tukabaki hivyo, tumeegemeana kama nguzo mbili za kibanda kibovu. Watu walidhani ni mbinu. Mtu mmoja akawa anapiga kelele, "Mtie roba, mzee! Mtie roba!" Refa akatuzunguka akisema, "Wazee, kazi! Fanyeni kazi!" Na sisi tukawa tunahema tu.

Ndipo Nkwabi akasema, taratibu, "Kwa nini ulininyang'anya kipaza sauti?"

Miaka tisa, Ndugu Afisa, hakuwahi kuniuliza.

Nikamwambia, "Ulikuwa unalia, kaka. Umesimama mbele ya watu wote, mdomo wazi, sauti haitoki. Nikaona wajomba wanaangalia chini. Ningekuacha hivyo?"

Refa akatugusa mabegani. Nkwabi akasema, "Nilidhani umeona sifai."

"Niliona huwezi siku ile. Hufai sijasema mimi."

Akasema, "Ungeniambia."

Nikasema, "Ungeniuliza."

Kengele ikalia. Hatukuachiana. Kwanza ilikuwa ni mgongo na goti, na baada ya hapo ilikuwa ni sababu nyingine ambayo si ya kuandika kwenye barua ya ofisi. Refa akainua mikono yetu yote miwili, akatangaza sare. Daktari ndiye aliyetutenganisha, tena kwa kubembeleza. Niliporudi benchini mke wangu alikuwa anajifuta macho kwa ncha ya kanga. Alidai ni vumbi.

Sasa nakuomba uliangalie jambo hili kitaalamu. Ugomvi wa miaka tisa umemalizwa kwa dakika tatu, mbele ya umati, bila wito wa maandishi, bila wajumbe, bila muhtasari, na kampuni isiyo na kibali chochote cha usuluhishi. Kama wangeupeleka kwenye kamati yangu, ningeuahirisha kwa utaratibu unaoeleweka, na huenda mpaka leo ungekuwapo.

Na tazama kampuni inakoelekea. Leo imefika Kamanga. Kesho itafika Sengerema mjini, keshokutwa Geita, na baada ya hapo itazunguka ziwa lote. Kila inapofika watu wanapigana kwa sheria na kuelewana bila sheria. Utafika wakati mkoa mzima hauna hata kesi moja ya mpaka. Mimi Alhamisi saa nne nitakwenda wapi? Mzee Alexander atakwenda wapi? Yeye kwa sasa anakwenda ghalani na filimbi yake, kusaidia urefa, lakini namzungumzia kwa siku zijazo. Alhamisi mbili zilizopita nilikaa barazani peke yangu, nikafungua daftari, nikaandika tarehe, nikafunga daftari. Mtu akizoea kuhitajiwa, kimya cha namna hiyo ni kizito, na hakuna anayekipima.

Kwa hayo naomba yafuatayo. Kampuni irudi kwenye magodoro manne. Kama hilo ni gumu, basi wapiganaji wakatazwe kukumbatiana hadharani, na wanaotaka kupeana mikono wafike ofisini kwetu siku ya Alhamisi, tutawapokea. Na sheria ya kugonga ibaki kizimbani, isivuke mlango wenye kibao cha MBWA MKALI.

Nisalimie wote hapo ofisini, na familia uliyoiacha Singida. Mama Gladness naye anakusalimu. Mzee Alexander anakusalimu na anauliza kama unapenda dagaa. Hata Bi. Hellen, nilipomwambia nakuandikia barua ya kumshitaki, alisema nikufikishie salamu zake na nikukaribishe Mwanza.

Ni mimi, ninayesubiri majibu yako kwa unyenyekevu na bila haraka,

Malimi Luhaga
Katibu

Nakala: Mwenyekiti wa Kamati, Bi. Hellen Masele (kwa taarifa, asikasirike).

Nyongeza: Nilikuwa nimeshabandika bahasha, kaka Nkwabi akafika kwa kivuko cha asubuhi, amebeba sato watatu. Akaniomba aisome barua. Ameisoma yote, akafika kwenye neno "sare" akavua miwani. Anasema haikuwa sare, alikuwa amenibeba mimi. Mimi nasema niliyembeba ni mimi, na mizani iko upande wangu. Tumebishana tangu chai mpaka sasa hivi jua liko utosini, na hajaonyesha dalili ya kuondoka. Nimejaribu kulipeleka shauri kwenye kamati, lakini mwenyekiti anasema kwa mambo makubwa kama haya anayeweza kuamua ni Bi. Hellen peke yake. Tumempigia simu. Kwa hiyo tutarudiana Jumapili ya mwisho wa mwezi huu, Nyamagana, raundi mbili, na Mzee Alexander atapiga kengele. Fomu ya kuomba kibali chako nimeiambatanisha, tumesaini wote wawili, kaka kwanza. Kwa hiyo ukiamua kuifunga kampuni, tunakuomba kwa heshima zote uifunge Jumatatu.